Upande wa Pili

Kila Alhamisi baada ya Isha, nyuma ya karakana ya Bwanakombo,
pale Shela, Malindi, kati ya majokofu yaliyopasuliwa matumbo,
hukutana watu wanne na gramafoni moja.
Santuri ni thelathini na tisa.
Ya arubaini Kahindi aliikalia.
Hatujamsamehe.

Zilitoka kwenye hoteli iliyofungwa. Mwitaliano aliuza vitanda,
akauza vijiko, akauza hata miavuli ya ufukweni,
na kasha hili akalitupia juu
kama muuza ndizi anavyokuongeza moja.
Bwanakombo alikuwa amefuata friji.
Friji ilikufa Ramadhani ileile.

Ni muziki wa roki, lakini roki ya watu wasio na haraka,
wanaoingia wimbo kwa mlango wa nyuma
na kukaa humo mpaka chai ipoe.

Tunayoipenda zaidi haina jina.
Mchwa walikula jalada, wakala majina ya wapigaji,
wakabakisha kipande cha anga la buluu na mguu wa farasi
(au wa meza; mguu huo tumeugombania mwaka mzima).
Basi bendi ni Mchwa, albamu ni Mchwa,
na upande wa pili, kibao kimoja cha dakika ishirini na tatu,
ni Upande wa Pili.

Kadzo alipika kwa Waitaliano miaka sita.
Ndiye mkalimani wetu.
"Anasemaje sasa?"
"Anasema moto. Moto mdogo. Halafu chumvi.
Halafu neno silijui. Halafu, subiri iive."
Tunamwamini. Mbona sauti yenyewe inatokota?

Mimi ni mshona mapazia. Babangu alinifunza mizani kwa vidole,
nane huku, nane huku,
na kina kimekaa mlangoni kama bawabu.
Siku ya kwanza kuisikia ngoma ile nilidhani santuri imekwaruzwa:
ta-ka-ta, ta-ka, ta-ka,
na inaanza upya mguu haujatua.
Nikahesabu. Saba. Nikarudia. Saba.
Nguzo ya nane imeibwa, na nyumba imesimama!
Nilirudi nyumbani nikichechemea kwa furaha,
majirani wakaniuliza nimejikwaa wapi.

Kahindi hana habari na ngoma. Huja kwa bodaboda kutoka Gongoni,
chumvi ya mashambani bado imo kwenye nyusi,
kwa ajili ya kinanda tu, kile cha dakika ya tisa,
anachosema kinanukia mvua.
Na Bwanakombo? Bwanakombo hukuna kichwa kwa bisibisi.
"Mnapenda urefu tu. Hata foleni ya hospitali ni ndefu."

Wiki jana, dakika ya kumi na saba, stima ikakatika.
Sauti ikazama, ikawa ya ng'ombe,
ikawa ya bawaba,
ikanyamaza.
Giza. Hakuna aliyetafuta simu awashe tochi.

Kisha mtu akagonga mlango wa friji:
ta-ka-ta, ta-ka, ta-ka.
Kahindi! Yeye asiye na habari na ngoma.
Kadzo akaingia na moto wake mdogo,
mimi nikashika kinanda kwa mdomo, bila haya,
na filimbi, ile ngumu, inayopanda kama paka ukutani,
filimbi ikatoka alikokaa Bwanakombo,
pumzi kwa pumzi, bila kuruka kitu.

Kumbe.

Tulipotea mara moja, karibu na dakika ya ishirini,
tukaokotana, tukafika.
Tulikaa na jasho letu.
Ndipo stima ikarudi, majokofu yakatetemeka yote pamoja,
na santuri ikajikokota, ikainua sauti palepale ilipoangukia,
haijui kama tumeshatangulia.
Hakuna aliyeondoa sindano.
Tuliingoja, kama wenyeji wanavyomngoja mgeni
wakisikia viatu vyake uchochoroni.

Ilipokwisha, Bwanakombo akafuta bisibisi kwa shati.
"Pale kwenye filimbi nilikosea."
"Mara mbili," akasema Kahindi.