Ardhi Tupu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana,
nyuma ya duka la fotokopi, Nkuhungu,
tunakutana wanajiografia tusiotimiza miaka mitano kazini.
Wengine hiyo kazi yenyewe hatujaitimiza siku.
Mimi ni mweka hazina. Daftari ninalo, kalamu ninayo,
hazina ndiyo haijafika.

Mchango elfu mbili. Asiyenayo aje na karanga.
Asiye na karanga aje.

Hapa hatuulizani shahada. Tunaulizana
maji ya kwenu yakinyesha yanaelekea wapi.
Ntandu wa Singida: yanaishia ziwani, yanageuka chumvi.
Yudesi wa Kongwa: yanateremka Wami, yanatukimbia.
Chilongani wa Bahi: yanaingia mbugani, yanalala humo.
Tumsifu wa Same: niulizeni Machi.
Tunacheka. Kwetu mjomba bado ananitajisha
miji mikuu ya dunia mbele ya wageni,
kisha anauliza, na mshahara je?

Leo zamu ya Chilongani, mwenye mkataba wa miezi mitatu,
kwa hiyo ndiye tajiri wetu.
Akatandaza ramani ya viwanja, upande wa Chamwino,
pembe zikashikwa na stepla, kikombe,
simu ya Tumsifu, na daftari langu la hazina
(hatimaye likapata uzito).
Barabara nyekundu, makazi manjano, shule zambarau,
na katikati utepe mweupe umejipinda,
umeandikwa: ardhi tupu.

Nyemo, mikutano mitatu hajasema neno,
akafuta chumvi ya karanga kwenye sketi,
akaweka kidole.
Hapa.
Hapa nini?
Hapa tunakunywa.

Juni hadi Novemba, akasema. Unashuka korongoni na kata.
Mchanga wa kwanza unautupa. Wa pili unautupa.
Wa tatu una giza; hapo unangoja,
maji hayaji kwa kuitwa.

Chilongani: picha ni ya Septemba. Setilaiti haikuona kitu.
Nyemo: Septemba hiyo nilikuwepo.
Nilikuwa nimeinama.
Tafuta nukta nyeusi, labda ndiyo mgongo wangu.

Mashine ya fotokopi ikatoa kurasa za mtu, moja, moja, moja.

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema.
Tulikuwa saba na neno likaharibika.
Ntandu akasema mchora ramani si mungu.
Chilongani akasema na mwenye nyumba si mungu,
lakini kodi anadai. Kazi imeshapelekwa,
bosi hapendi ramani yenye maswali,
mkataba unaisha Ijumaa.
Tukanyamaza. Bei ya mkataba
kila mmoja aliijua kwa tumbo lake.

Ni yeye mwenyewe aliyevunja ukimya:
Korongo hilo lina jina?
Nyemo akalitaja. Nikaliandika vibaya.
Akanisahihisha herufi kwa herufi,
kama mwalimu ambaye bado hajapangiwa shule.

Kesho yake tukaenda, pikipiki tatu, jipiesi moja ya kuazima,
betri yake ikizimika kila kivulini.
Tukahesabu visima kumi na kimoja,
vingine upana wa sufuria,
kimoja kimefunikwa kwa mwiba ili ng'ombe wasikivuruge.
Chombo kikasema: usahihi, mita nne.
Nyemo akasema: mita nne ni kisima cha jirani.
Tukapima upya, kwa kamba.

Jioni, dukani tena, kalamu ya buluu hatukuwa nayo.
Yudesi akafungua mkoba, akatoa rangi ya kucha.
Buluu ya sherehe, inang'aa.
Chilongani akachovya brashi, mkono ukimtetemeka kidogo,
akaweka nukta kumi na moja juu ya ardhi tupu,
akapuliza zikauke.

Rangi hiyo haifutiki kwa ufutio. Nimejaribu kwenye daftari.

Mahudhurio: saba.
Mapato: elfu sita, na karanga.
Yatokanayo: nimeacha mistari mitatu wazi.
Leo ni Alhamisi.