Kumvi

Fundi Baya, ambaye jina tu ndilo baya,
aliiunda kwa vyuma vya watu:
mota ya kinu cha posho kilichofia Ganda,
feni ya lori, bomba la maji machafu
(jipya, msiogope),
na roli mbili kama majirani walionuniana,
karibu, wasigusane.
Pengo lao nalipima kwa sarafu ya shilingi kumi.

Kakao imetoka Uganda, imeshakaangwa.
Naimimina mdomoni.
Kra. Kra-kra. Kisha mvua ya changarawe,
na upepo unapanda bombani:
chepesi juu, kizito chini.
Hukumu ya mara moja, haina rufaa.

Upepo ukizidi, kiini hufuata kumvi
na hasara naandikiwa mimi.
Ukipungua, ganda hubaki,
na Bi Sauda wa chumba cha kusaga
atauliza ni nani kaleta mchanga wa ufuoni.
Basi natega sikio. Kilango cha hewa
nakisogeza upana wa ukucha.

Asili yangu mbanguaji wa korosho.
Miaka kumi na mitatu, nyundo na majivu,
mafuta ya ganda yakinila vidole
hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko.
Nilipokwenda kusajiliwa, kijana wa kompyuta
alinibonyeza mara sita, akafuta kioo kwa shati,
akasema, "Mama, alama za vidole huna."
Nikamwambia nilikuwa nazo. Zimebanguliwa.

Jana stima ilikatika saa nne,
nusu gunia limo ndani.
Nikachukua uteo, nikasimama mlangoni,
Barani yote ikipita na bodaboda zake.
Nikarusha, nikapokea, nikarusha.
Kumvi zikaruka hadi kwa Mbodze,
naye akatoka mbio kukusanya kuku wake:
kasikia ganda hili huua.
Mkono ulikumbuka.
Haukuuliza ni mbegu gani.

Saa saba stima ikarudi, mota ikaguna.
Nikaizima.
Gunia lile nililimaliza mwenyewe.

Leo nimerudi kwa yule kijana.
Mwaka na miezi miwili sijagusa korosho.
Nimeweka kidole gumba, cheusi kwa kakao,
juu ya kioo.
Taa nyekundu.
"Nawa kwanza, mama."

Nimenawa kwenye bomba la uani, kwa kucha, kwa mchanga,
nikikitazama kwenye jua: mistari miwili, labda mitatu,
myembamba kama nyufa za mbegu kabla ya roli.
Nimekifuta kwenye leso.
Nimekiweka tena.