Jino la Mjerumani

Raundi ya pili, Lugogo, umeme ukikatika na kurudi,
Odongtho, askari jela wa Luzira,
alimpata bingwa wa Ujerumani
kwa ngumi ya kushoto. Mara moja tu.
Nyingine zote alizipokea yeye.

Refa aliinua mkono wa mgeni.
Tukapiga makofi ya adabu,
macho yetu sakafuni mwa ulingo:
jino, dogo kama punje ya mahindi.

Mgeni akarudi kwao na kombe,
akapigana miaka tisa bila kulipwa senti,
sasa anauza matairi, barua yake inasema.
Magoti yamegoma.

Odongtho bado hufunga milango usiku,
funguo mkono wa kushoto.
Jino limo ndani ya kopo la kiwi.
Ukilitikisa, linajibu.