Kurasa za Nyuma

Daftari langu la kaunta lina pande mbili.
Mbele ni vipimo: kiuno cha Mwalimu Sifaeli,
mabega ya wanakwaya kumi na wanane,
urefu wa sketi za shule, na pindo la kukulia.
Ukiligeuza kichwa chini ukaanzia nyuma,
utamkuta mama.

Jumanne. Alhamisi. Jumamosi.
"Saa moja asubuhi awe kitandani," alisema nesi,
bila ukali, kama anayetaja bei ya chumvi.
"Hadi lini?"
Akanitazama.
Nikaandika: mara tatu kwa wiki.

Toka Uru Shimbwe hadi hospitali si mbali,
kama figo zako zinafanya kazi.

Wiki ya kwanza tulijaribu bodaboda.
Kwenda, alikwenda.
Kurudi, presha ikamshuka njiani,
kichwa kikamlalia yule kijana mgongoni
kama mzigo wa majani ya ng'ombe.
Alipanda mlima wote kwa mkono mmoja,
wa pili ameupeleka nyuma, amemshikilia.
Hakudai nauli.
Wala hakupokea simu yangu tena.

Usiku, cherehani ikiwa imefunikwa,
nikawapigia wote wenye magurudumu manne.
"Mara moja naweza," walisema.
Mara moja kila mtu anaweza.
Mimi nilikuwa natafuta mtu wa wiki ijayo,
na wa ile inayofuata,
na wa masika, barabara ikigeuka uji.

Nikampata Mbwambo, mwenye Probox ya maziwa.
Yeye Mpare, mimi Mchaga:
tulibishania elfu mbili kana kwamba ni kihamba.
Tukaishia elfu ishirini, kwenda na kurudi.
"Na kumsubiri?"
"Kusubiri sikutozi. Nina maziwa ya kuuza mjini.
Ila Jumamosi siwashi gari. Ni Sabato."

Jumamosi.
Huku kwetu Jumamosi ni ya kuzika.
Noah, Kosta, hata pikapu ya matofali,
zimeshakodiwa tangu Jumatano.
Nilipiga simu kumi na moja.
Wa kumi na mbili akauliza, "Marehemu ni nani?"
Nikamwambia ni mzima, anakwenda kusafishwa damu.
Kimya kidogo. "Kwa mzima, dada, leo sina gari."

Jumamosi ya kwanza alitubeba mchungaji.
Ya pili, bajaji, na tulishuka kuisukuma.
Ya tatu mama alibaki nyumbani.
Jumapili nilimbonyeza mguu kwa kidole,
shimo likabaki pale pale,
kama alama ya chaki kwenye kitambaa.
Alikuwa ameshika kikombe kidogo cha kahawa,
maji yake ya siku nzima,
akiyatazama bila kunywa.

Nikaomba tubadilishiwe zamu:
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
"Zimejaa," nesi alisema. "Acha namba."

Wiki ya tano akapiga. Nafasi imepatikana.
Nilisema asante mara tatu
kabla sijajiuliza nashukuru nini.
Jumamosi ile nikiwa dukani,
Noah nane zilipita, taa zimewashwa,
zikielekea Kibosho.

Sasa Mbwambo amezoea.
Mkono wa kushoto hamshiki, ndio wenye mshipa wa mashine.
Kiti cha mbele amekilaza, ameweka blanketi,
madumu ameyafunga kamba yasigongane akilala.
Ijumaa ndiyo humpa presha yeye:
anatazama mashine, anatazama jua,
maana likizama naye ameshazima gari.
Mama anarudi ananukia maziwa.

Jana, nikimvua viatu, akaniuliza:
"Yule aliyekuwa kwenye kitanda changu,
yeye alikuwa analetwa na nani?"

Sikujua.
Nilichukua rula nikafungua kurasa za nyuma,
nikachora mistari ya mwezi ujao.