Futi ya Fundi

Futi ya kituo ilikatikia kwenye sabini,
nikaenda kuazima kwa Anyosisye, fundi cherehani,
Tukuyu ikiwa imezama kwenye mvua.
"Usiivute," alisema. "Mwili haudanganywi kwa kubanwa."

Bi Subilaga akavua viatu, akapanda mzani.
Kilo hamsini na mbili.
Shingo. Nyonga. Kiuno, sentimita sabini na moja.
Nikazidisha urefu, nikatoa umri
kama mtu anayekata kodi.

"Kazi yako nyepesi au nzito?"
Fomu ina visanduku viwili tu.
Akacheka hadi mshale ukayumba:
"Nachuma chai. Kikapu kitupu ni chepesi."

Kalori elfu mbili na mia moja kwa siku, nikamwambia,
zaidi kidogo, pungufu kidogo; ni ya kukisia.
"Na baridi ya Julai, umeihesabu?"
Hapana.
"Na mlima wa kurudi nyumbani?"
Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

Jioni nilirudisha futi.
Fundi akafunua daftari lililoliwa kona na panya,
akaweka kidole:
Subilaga, kiuno inchi thelathini na mbili, gauni la Pasaka.
Subilaga, thelathini na nne, ubatizo wa Ipyana.
Subilaga, ishirini na nane.
Hapo hapakuandikwa sherehe.

"Hilo nililipunguza bure," alisema,
akiizungusha futi kidoleni.
"Sikumwuliza chochote. Nilikata, nikashona,
nikaacha kitambaa ndani ya pindo,
akinenepa tutafumua."

Asubuhi, kwa kalamu na rula,
nikachora kisanduku cha tatu.
Bado sijajua nikiite nini.