Nusu Yangu

Mimi najua pilipili, tangawizi,
na yale majani machungu ninayoyachuma mwenyewe
kabla ukungu haujanyanyuka Isyesye.
Ambokile anajua moto:
dakika ngapi, kifuniko lini,
na kinachomiminwa mwishoni mlango ukiwa na komeo.

Ndivyo Bi Tusekile alivyotugawa,
kama anayechana doti ya kitenge,
kipande huku, kipande kule,
mwizi asije akapata gauni zima.

Tulitia sahihi. Kurasa nne.
Wakili wa Mafiati alizisoma mbio kama dalali:
hutasema ukiwa kazini, hutasema ukiacha,
hutasema miaka saba baada ya kuacha.
Nikauliza, na nikisema usingizini?
Hakucheka. Akanisogezea kalamu.

Nilidhani ni uchoyo.
Pilipili ni pilipili, nani ana hati ya kuwasha?
Mpaka siku moja, soko la Mwanjelwa,
nikaiona chupa yetu, na si yetu:
kizibo chekundu kilekile, mlima uleule,
ila Ngosi imekuwa Ngozi.
Herufi moja tu, kama jino la kubandika.
Nikaionja. Siki na rangi ya mikeka.

Mama mmoja wa Uyole alikwisha lazwa kwa tumbo.
Alipotoka wodini hakuwatafuta wao,
alikuja kwetu, akamtukana Bi Tusekile
mbele ya wapakizi na dereva wa Tunduma.
Hapo nikaelewa.
Mtu akikopa kwa jina lako
mdai anabisha kwako.

Basi chapa ikasajiliwa, barua zikaenda,
polisi wakabeba katoni arobaini,
na sasa kila kizibo kina alama ndogo
ambayo sitasema ikoje.

Lakini yale majani.
Aliyemwonyesha ni mama mkwe wake, kule Masoko,
bibi aliyepitisha mkono juu ya sufuria
akasema tu, tia na haya.
Hakuandikishwa popote.
Kwenye chupa kuna mlima, yeye hayumo.
Swali hilo nalo
nimeliweka kwenye nusu yangu.

Na sasa Ambokile kaleta posa.
Baba kakubali, ng'ombe wametajwa,
Bi Tusekile ndiye halali:
nusu mbili, kitanda kimoja!
Jana kamwita tena wakili.

Tumeshapima nguo, tumeshapanga chumba.
Tunasubiri ukurasa wa tano.