Mshenga

Kiwanda cha korosho, Newala, zamu ya usiku.
Bomba linatema maji meusi kama chai iliyosahaulika motoni,
yana mafuta ya maganda, yale yale
yaliyofuta alama za vidole vya mama yangu
hata siku ya kitambulisho mashine ikamkataa.
"Weka tena, bibi. Weka tena."
Akaweka mara saba. Mashine haikuona mtu.

Huku juu maji tunayanunua kwa ndoo,
paa zetu zinadaiwa mvua mwaka mzima,
na bado haya tuliyamwaga bondeni,
tukajifanya hatuoni majani yakifa kwa mstari.

Sasa nina tangi, daftari lenye madoa,
na gunia la punje za udongo zilizopakwa chuma,
nyekundu, ndogo kama mtama.
Namimina peroksaidi. Nangoja.

Injinia Mchopa aliposema "kichocheo",
Nambole wa stoo alishtuka:
"Uchochezi tena? Si tutafungwa!"
Tulicheka. Lakini njiani niliwaza mshenga,
anayeingia nyumba mbili zisizosalimiana
akatoka ndoa imefungwa, kanzu yake ile ile,
na kesho anatumwa kwingine.
Chuma nacho hukutanisha sumu na oksijeni,
kikajitenga, kikasuuzwa, kikarudi kazini.
(Si milele. Daftari linasema mara ya kumi na nne
punje zilichoka, kama mshenga yeyote.)

Hakuna mwali, hakuna moshi,
ila ukiweka kiganja ubavuni mwa tangi ni vuguvugu,
na mapovu yanapanda kwa haraka ya mtu aliyeitwa.
Kitu kinaungua humo, ndani ya maji.
Saa mbili: nyeusi.
Saa nne: kahawa.
Saa sita: asali, na ile harufu ya kukaba koo imelegea.
Saa saba u nusu natumbukiza sarafu kwenye bilauri
nasoma mwaka wake.

Alfajiri mama anapita kwenda kubangua.
Nampa bilauri aitazame.
"Usinywe. Bado."
Anaigeuza kwenye taa, taratibu,
kama anayekagua korosho ya daraja la kwanza.
"Miaka kumi na tisa yamenila," anasema,
"hakuna aliyeyaambia bado."
Ananirudishia, anajifunga kitambaa, anaingia.

Naandika: rangi, hakuna.
Kwenye kioo vimebaki vivuli vya vidole vitano,
laini, bila mstari hata mmoja.
Bilauri siifuti.